Fulana, Bastola na Kamera: Chama cha Polisi Kisikilizwe Wapi, na Kikomee Wapi

Kila uongozi wa polisi unapotoa waraka mpya kuhusu vitendea kazi, iwe ni bastola, fulana ya kuzuia risasi, kamera ya kifuani au hata mkanda wa kiunoni, majibu ya chama cha polisi hufuata mkondo uleule. Kwanza kitasema hakikushirikishwa. Kisha kitasema usalama wa askari umewekwa rehani. Siku chache baadaye itakuja barua ya mwanasheria. Wananchi nao hugawanyika papo hapo: anayewaamini polisi anashika upande wa chama, anayewaogopa polisi anashika upande wa uongozi, na kifaa chenyewe kinabaki hakuna anayekitazama.

Mimi naona kifaa ndicho cha kutazamwa kwanza. Kuna vifaa ambavyo hitilafu yake humwangukia askari aliyevivaa, na kuna vifaa vilivyowekwa ili kumlinda raia dhidi ya askari huyohuyo. Kwa vya aina ya kwanza, chama kinastahili kuwa mezani kabla zabuni haijatangazwa, na uongozi unaokikwepa unacheza na maisha ya watu. Kwa vya aina ya pili, chama kina haki ya kutoa maoni kama mdau mwingine yeyote, lakini uamuzi wa mwisho haupaswi kuwa mikononi mwake. Matatizo huanza pale chama kinapozungumzia vyote kwa lugha moja ya usalama, na uongozi unapojibu vyote kwa lugha moja ya amri.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Tarehe 9 Septemba 1919, askari zaidi ya 1,100 wa jiji la Boston, Marekani, waliacha kazi. Walikuwa wakidai mishahara bora, saa za kazi zilizo za kibinadamu, na vituo visivyojaa uchafu na wadudu. Walikuwa pia wamechoka kununua sare zao wenyewe kutoka kwenye ujira mdogo waliokuwa wakilipwa. Uongozi ulikataa kukitambua chama chao, ukawasimamisha viongozi wake, na mgomo ulipoanza ghasia zikaenea mjini. Gavana Calvin Coolidge alisimama imara dhidi yao, na waliogoma hawakurudishwa kazini. Askari wapya walioajiriwa kujaza nafasi zao walipewa mshahara mzuri zaidi na sare za bure. Kwa hiyo dai lilikuwa la haki kiasi kwamba serikali ililitekeleza mara tu ilipowaondoa waliolitoa.

Mwaka huohuo Uingereza ilichukua njia nyingine. Baada ya migomo ya polisi ya 1918 na 1919, sheria ilipitishwa iliyowakataza askari kujiunga na vyama vya wafanyakazi, ikawaundia chombo chao maalumu, Police Federation, kinachoweza kuwasemea bila kuitisha mgomo. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba namba 87 wa 1948, liliweka kifungu cha 9 kinachoziachia nchi zenyewe ziamue ni kwa kiasi gani haki ya kujiunga na vyama iwafikie polisi na majeshi. Ndiyo maana leo kuna nchi ambazo chama cha polisi kina nguvu ya kutikisa uchaguzi, na nyingine ambazo askari akitamka neno chama anaitwa kujieleza. Katika hizo za pili ugomvi wa vifaa upo vilevile. Tofauti ni kwamba unasemwa kwa kunong'ona, na askari anajinunulia buti na tochi kwa fedha yake huku akinyamaza.

Sababu ya kuwataka askari wawe na sauti juu ya vifaa vya kujikinga inaonekana vizuri katika kisa cha fulana za Zylon. Zylon ni uzi wa kisasa uliotengenezwa na kampuni ya Toyobo ya Japani. Ulikuwa mwepesi na imara, na fulana zilizotokana nao zilikuwa nyembamba kiasi cha kuvaliwa ndani ya shati zamu nzima. Ukizungumza na askari yeyote aliyewahi kuvaa fulana nzito kwenye joto utaelewa kwa nini zilipokewa kwa furaha. Zilipita vipimo vyote. Lakini Juni 2003, katika matukio mawili tofauti nchini Marekani, moja Pennsylvania na jingine California, risasi zilipenya fulana za aina hiyo. Askari mmoja alijeruhiwa vibaya, mwingine akafa. Serikali ilipozikusanya fulana zilizokwisha kuvaliwa kazini na kuzipima upya, taasisi ya utafiti ya Wizara ya Sheria ilieleza mwaka 2005 kwamba kati ya fulana 103, 60 zilipenywa na angalau risasi moja. Joto, unyevu na mwanga vilikuwa vimeudhoofisha uzi taratibu, bila dalili ambayo mvaaji angeweza kuiona kwa macho. Toyobo ilikubali kulipa dola milioni 66 mwaka 2018 kumaliza madai ya serikali ya Marekani, bila mahakama kutamka kwamba ina hatia.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Maabara ilipima fulana mpya. Askari alivaa fulana ya miaka miwili, iliyoloa jasho mara mia kadhaa, iliyokunjwa ndani ya kabati la chuma na kuachwa kwenye buti la gari juani. Kipimo cha mzabuni hakiwezi kumwambia mkuu wa polisi chochote kuhusu fulana hiyo ya pili. Anayeijua ni aliyeivaa, na mwenye uwezo wa kukusanya habari za maelfu ya waliozivaa, kutoka vituo tofauti na bila mtu kuogopa kuandikwa vibaya kwenye faili lake, ni chama. Askari mmoja akilalamika ataambiwa ana kinyongo. Malalamiko mia mbili yanayofanana yakifika kwa pamoja ni ushahidi, na uongozi wenye akili ungeyalipia fedha kuyapata.

Kadhalika kwa bastola. Huko Milwaukee, jimbo la Wisconsin, chama cha polisi kiliishtaki halmashauri ya jiji mwaka 2022 kikidai kwamba bastola aina ya SIG Sauer P320 waliyopewa askari ilikuwa ikifyatuka bila mtu kuvuta kifyatuo, na kwamba watu walikuwa wameumia. Kampuni imeendelea kukanusha kwamba bastola hiyo hufyatuka yenyewe, ingawa mwaka 2017 ilikuwa imetangaza maboresho ya hiari baada ya kuonekana kwamba ingeweza kufyatuka ikianguka. Jiji liliamua kubadilisha na kununua bastola za kampuni nyingine, Glock. Sijui mtu anayeweza kukilaumu chama kwa kesi hiyo. Bastola inayotiliwa shaka inakaa kiunoni mwa askari, lakini risasi yake haichagui: inaweza kumpata mwenzake, mtuhumiwa aliyekwisha kufungwa pingu, au mtoto aliyesimama foleni nyuma yake. Chama kilipokuwa kinamtetea mwanachama, kilikuwa kinamtetea na mpita njia.

Mkanda wa kazi haupati vichwa vya habari kama bastola, nami nautaja kwa makusudi kwa sababu unaumiza watu wengi zaidi. Bastola, risasi za akiba, pingu, redio, kirungu, pilipili ya kupulizia, tochi: vyote vinaning'inia kiunoni, na uzito unaweza kukaribia kilo 13. Askari anakaa navyo ndani ya gari saa nane, anaruka navyo ukuta, anapanda navyo ngazi. Idara ya polisi ya Eau Claire, Wisconsin, ilishirikiana na chuo kikuu cha hapo na hospitali ya Mayo Clinic kulinganisha mkanda huo na fulana ya nje yenye mifuko inayohamishia mzigo mabegani na kifuani. Waliovaa fulana walipata maumivu machache ya nyonga na mgongo. Ni utafiti mdogo, uliohusisha askari wachache, lakini hausemi jambo la kushangaza kwa yeyote mwenye uti wa mgongo.

Hata hivyo wakuu wengi wa polisi huikataa fulana hiyo kwa hoja moja: inamfanya askari aonekane kama mwanajeshi. Hoja hii siidharau. Mwananchi anayefikiwa mlangoni na mtu aliyejaa mifuko na vyuma kifuani huogopa kabla hajaulizwa jina, na polisi anayeogopwa haambiwi habari. Lakini dawa ipo, na ni ya mshonaji. Zipo fulana za nje zilizoshonwa zifanane na shati la sare, na zipo taratibu za kuweka bastola kiunoni na vifaa vingine ubavuni. Chama kinachokuja na mfano wa fulana kama hiyo mkononi kitamshinda mkuu yeyote anayejibu kwa picha za kutisha. Chama kinachosema tu "tunaitaka, ninyi hamtujali" kitarudi mikono mitupu, na wanachama wake wataendelea kununua dawa za mgongo.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulisahau wanapogombania kifaa, nalo ni mafunzo. Polisi wa jiji la Washington walipokea bastola za Glock mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka kumi iliyofuata zilifyatuka kwa bahati mbaya zaidi ya mara 120. Kifyatuo chepesi, hakuna kitasa cha nje cha usalama, askari wengi wapya, na saa chache mno za mazoezi. New York ilijifunza kwa namna yake. Chama cha askari wa doria cha huko kilikuwa kimepigania bastola za kisasa tangu mwenzao alipouawa mwaka 1986 akiwa anajaza upya risasi kwenye bastola yake ya risasi sita. Mwaka 1993 uongozi ulikubali, lakini ukaweka kifyatuo kizito kinachohitaji nguvu ya takriban kilo tano na nusu, zaidi ya mara mbili ya kile cha kiwandani, ili mtu asifyatue kwa mshtuko. Yalikuwa maafikiano ya busara kwa wakati wake. Gharama yake ni kwamba kifyatuo kizito humyumbisha mpigaji, na mjadala huo ulirudi kwa nguvu Agosti 2012, polisi wawili walipomfyatulia mtu mwenye silaha karibu na Empire State Building na wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vilivyoruka kutokana nazo. Ukiuliza suluhisho ni kifyatuo kipi, jibu litategemea ni mara ngapi kwa mwaka askari anafika kwenye uwanja wa shabaha. Na katika majadiliano ya mkataba wa hali bora za kazi, saa za mazoezi ndizo za kwanza kukatwa fedha zinapopungua, na chama ndicho cha kwanza kuziachia ili kuokoa posho. Hapo nakilaumu chama waziwazi.

Sasa kamera. Kamera ya kifuani inafanana na redio kwa umbo na inavaliwa kwenye sare ileile, kwa hiyo ni rahisi kuipanga kwenye ghala pamoja na vifaa vingine na kusema kanuni zake ni suala la hali ya kazi. Vyama vingi vimefanya hivyo. Boston, jiji lile lile la 1919, ilitaka mwaka 2016 kufanya majaribio kwa askari 100 watakaojitolea. Hakujitolea hata mmoja. Mkuu wa polisi William Evans alipowateua mwenyewe, chama kilikwenda mahakamani kuomba zuio, kikisema kilikuwa kimekubaliana na uongozi kwamba washiriki wawe wa kujitolea tu. Hakimu alikataa, na majaribio yakaendelea.

Kisheria mtu anaweza kubishana kuhusu makubaliano yale. Lakini tuitazame kamera yenyewe. Hitilafu yake haimuui askari. Ikizimika, anayepoteza ni raia aliyepigwa bila shahidi, au askari mwaminifu aliyesingiziwa. Matokeo ya tafiti hayakubaliani kuhusu kinachotokea kamera zikivaliwa. Huko Rialto, California, kati ya 2012 na 2013, matumizi ya nguvu yalipungua kwa zaidi ya nusu na malalamiko ya raia yakaporomoka. Washington, utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha askari zaidi ya 2,000 haukuona tofauti ya maana. Matokeo hayo mawili yamewapa watu wa kila upande kitu cha kushika. Mimi nashika utafiti wa tatu, ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa 2016, uliouliza swali ambalo wengine hawakuuliza: nani aliamua kamera iwashwe lini? Pale askari walipofuata utaratibu wa kuiwasha tangu mwanzo wa kila tukio, matumizi ya nguvu yalishuka kwa asilimia 37. Pale walipoachiwa waamue wenyewe, yalipanda kwa asilimia 71.

Hiyo asilimia 71 inatosha kuonyesha kwa nini swichi ya kamera haiwezi kuwekwa kwenye meza ya majadiliano kati ya mwajiri na mwajiriwa. Mwenye maslahi makubwa kuliko wote, yule anayerekodiwa, hayupo kwenye meza hiyo. Hana mjumbe, hana mwanasheria, wala hatapewa nakala ya mkataba. Chama kikikubaliana na uongozi kwamba askari atazame picha kwanza ndipo aandike maelezo yake, makubaliano hayo yamefungwa kwa hasara ya mtu ambaye hakuulizwa. Yapo mambo ya kamera ambayo ni haki ya chama kabisa: isirekodi askari akiwa chooni au akizungumza na mkewe kwenye simu wakati wa mapumziko, wakuu wasizichimbue picha za mwezi mzima kumtafutia kosa mtu waliyemchukia, betri idumu zamu nzima. Haya yajadiliwe mpaka usiku wa manane. Lini iwashwe, nani aione na ihifadhiwe muda gani, hayo ni ya sheria, yaamuliwe hadharani na wawakilishi wa wananchi.

Upo mfano mkubwa zaidi wa chama kuvuka mpaka huo. Mwaka 2015 Rais Barack Obama alizuia polisi wa Marekani kupewa na serikali kuu baadhi ya zana za kijeshi: magari ya deraya yenye minyororo, vifyatulia gruneti, bayoneti, silaha kubwa za risasi nene. Agosti 2017 utawala wa Donald Trump uliondoa zuio hilo, na tangazo lilitolewa na Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions katika mkutano mkuu wa Fraternal Order of Police, chama kikubwa cha polisi nchini humo, ambacho kilikuwa kimelipigania jambo hilo. Askari wa kawaida hapati maumivu ya mgongo kwa kukosa bayoneti. Kilichokuwa kinaamuliwa ni sura ya polisi mbele ya wananchi wanaoandamana, na waliosherehekea ukumbini walikuwa upande mmoja tu wa wenye kuhusika.

Uongozi nao usidhani nimeupa ushindi. Mabadiliko mengi ya vifaa huharibika kwa sababu waraka hutoka Ijumaa jioni, ukitaka utekelezaji Jumatatu, bila maelezo ya kwa nini kifaa cha zamani kimeondolewa wala nani alikijaribu kipya. Mara nyingi aliyekijaribu ni afisa wa makao makuu ambaye hajafanya doria ya usiku kwa miaka. Wanawake hupewa fulana zilizokatwa kwa kifua cha mwanamume, zinazoacha upenyo ubavuni, kisha huambiwa wazoee. Uingereza iliona haja ya kutunga sheria mwaka 1997 kuwaingiza polisi waziwazi chini ya sheria ya afya na usalama kazini, kwa kuwa kabla ya hapo askari alihesabiwa kama mshika ofisi ya umma na wala si mwajiriwa. Mkuu wa polisi anayemtuma mtu mbele ya bunduki akiwa na fulana asiyoweza kuifunga vizuri hapaswi kushangaa chama kikimpeleka mahakamani.

Ningependa kuona majibu ya chama yakianza na rejesta. Kila hitilafu ya kifaa iandikwe: tarehe, aina, umri wa kifaa, hali ya hewa, nani aliumia. Mwandikaji alindwe dhidi ya adhabu. Nakala iende kwa uongozi, nyingine kwa mkaguzi wa nje, na muhtasari wake usomwe na yeyote anayelipa kodi. Waraka mpya ukija, chama kisiandike kwanza kuhusu kutoshirikishwa. Kiandike kuhusu kilichomo kwenye rejesta, kieleze kifaa cha zamani kilishindwa mara ngapi na kipya kimejaribiwa na nani, kidai sehemu ya askari wa doria wakivae kwa miezi kadhaa kabla hakijanunuliwa kwa wote, na kitaje saa za mafunzo ambazo hakitakubali zipunguzwe. Na rejesta hiyo iwe na ukurasa wa kamera pia, unaoonyesha ni mara ngapi zilikutwa zimezimwa wakati wa tukio, kwa sababu zipi, na katika kituo gani. Ukurasa huo chama hakitaupenda, na uongozi utatamani ubaki ndani. Bila huo, mimi kama msomaji sitakuwa na sababu ya kuziamini kurasa nyingine.